Glavu ya Marlys

Kesslow, Saskatchewan
6 Novemba 1988

Verna,

Najua unashangaa. Mimi na wewe ni watu wa kadi ya Krismasi: wewe unatia picha ya mwanao Dale, mimi natia jina langu, basi, mpaka mwaka mwingine. Leo nakuandikia barua nzima kwa sababu nina shida, na shida yenyewe ni ya jiwe.

Goti langu liliponikatalia kucheza mchezo wetu wa kutelezesha mawe kwenye barafu mpaka ndani ya duara, watu hapa walidhani nitakaa nyumbani nifume soksi. Orville Stang, ambaye sasa ni mwenyekiti wa klabu (ndiyo, Orville yule yule, kaongeza kitambi na tai), aliniambia nimeitumikia klabu vya kutosha, nipumzike. Nikamwuliza nipumzike nini. Nikachukua wasichana wanne ambao hakuna aliyewataka, nikawa kocha wao. Msimu wa kwanza walikuwa wanaanguka zaidi ya kucheza. Sasa hakuna kikombe cha wilaya wanachokiacha, na Orville anajipanga nao kwenye picha.

Nahodha wao anaitwa Tannis Wolchuk, binti wa yule fundi wa matrekta. Ana miaka kumi na minane na anatafuna mkono wa sweta kabla ya kuachia jiwe, vile vile ulivyokuwa unafanya wewe. Mkono wa kuvunja anao. Akilipiga jiwe la mpinzani linatoka hadi ukutani. Lakini jiwe la kulala hana. Lile lako, lililokuwa linakwenda taratibu mpaka watu wanaanza kuvaa makoti, halafu linakaa pale pale kwenye kitovu cha duara. Nimemwonyesha mpaka goti limevimba, hashiki. Niambie ulikuwa unafanyaje, maana hukuwahi kusema na mimi sikuwahi kuuliza.

Kanuni yangu kwao ni moja tu: hakuna kuvua glavu. Wapinzani wawe mbele kwa saba, wawe mbele kwa kumi, wangu wanacheza mpaka jiwe la mwisho. Watu wananikasirikia. Wanasema ni ukosefu wa adabu, mtu ukishaona mchezo umekushinda unavua glavu, unatoa mkono, watu wakale. Nawajibu chakula kitapashwa moto.

Nijibu. Mvua ya huko Prince Rupert isiwe kisingizio.

Marlys


Prince Rupert
20 Novemba 1988

Marlys,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, halafu nikacheka mpaka Len akaja jikoni kuangalia kuna nini. Marlys Prokopchuk anawafundisha watoto wasivue glavu. Haya, makubwa.

Ngoja nikukumbushe, labda goti limeondoka na kumbukumbu. Februari 1969, fainali ya jimbo, Saskatoon. Tuko nyuma kwa mawili, raundi ya mwisho, na jiwe la mwisho ni letu. Mawe yangu mawili bado, yako mawili bado. Mimi niko huku kwenye kiegemeo cha mguu, najiandaa kuachia. Nainua kichwa nitazame ufagio wako unanionyesha wapi, nakukuta umevua glavu na mkono wako umo ndani ya mkono wa Muriel Aasen, nahodha wa Regina. Imekwisha. Hukuniuliza, hukunitazama. Watu wa Regina wakaanza kukumbatiana.

Binamu yangu akinipigia simu kutoka huko, mpaka leo, ananiambia fulani kaacha shule, kafanya Marlys. Fulani kauza ng'ombe kabla bei haijapanda, kafanya Marlys. Unajua kwamba wanasema hivyo? Bila shaka unajua, mji wenyewe ukikohoa unasikika pande zote. Jina lako ndilo neno lao la kukata tamaa, mwenzangu.

Kwa hiyo sikuulizi kwa nini hao watoto wana kanuni hiyo. Nauliza kwa nini sisi hatukuipata.

Jiwe la kulala: mwambie ashike mpini wa jiwe kama anabeba kikombe cha chai kilichojaa, na anampelekea mtu asiyempenda. Hataki kumwaga, na hana haraka ya kufika. Ndivyo nilivyokuwa nafanya. Kazi yote iko hapo.

Verna


Kesslow
11 Desemba 1988

Verna,

Chai imefanya kazi. Tannis aliniuliza huyo mtu asiyependwa ni nani, nikamwambia amchague mwenyewe, akamchagua Orville. Tangu siku hiyo jiwe linalala. Jumamosi tumeshinda mashindano ya kanda, na mwisho wa Januari tunakwenda Saskatoon kutafuta kombe la jimbo. Tangu wewe na mimi, Kesslow haijapeleka wanawake huko.

Lile lingine nimelisoma. Silijibu leo.

Leo nina habari kubwa kuliko hiyo. Tannis ana mimba. Aliniambia mazoezini huku anafagia barafu mbele ya jiwe ili lizidi kwenda, wala hakusimamisha ufagio: "Kocha, nina mimba, na koti la klabu litataka kupanuliwa." Nikamwuliza baba wa mtoto ni nani. Ni kijana wa visima vya mafuta, keshahamia Alberta na anwani hakuacha. Nikamwuliza analia? Akasema alishamaliza kulia mwezi uliopita, sasa anataka kufagia.

Wiki haikwisha mji mzima ulikuwa na habari. Dukani wanawake wananyamaza akiingia, akitoka wanaanza. Mama yake hatoki nje. Baba yake anatengeneza matrekta ambayo hayajaharibika.

Nitakuandikia kamati ikishasema neno, maana naisikia inasafisha koo.

Marlys


Klabu ya Mchezo wa Mawe, Kesslow
15 Desemba 1988

Bi Marlys Prokopchuk,

Kamati imekutana. Kwa moyo wa huruma, na kwa kujali afya ya binti Tannis Wolchuk pamoja na heshima ya klabu, imeonekana vyema binti huyo apumzishwe na asisafiri kwenda Saskatoon. Nafasi yake ijazwe na binti mwingine utakayeona anafaa. Utakubaliana nasi kuwa koti lenye jina la Kesslow haliwezi kuonekana katika hali ile mbele ya jimbo zima.

Iwapo utaona jambo hili ni gumu kwako, kamati itatafuta kocha mwingine, nawe utatakiwa kurudisha ufunguo wa ukumbi wa barafu.

Mke wangu Phyllis anakusalimu.

Wako katika michezo,
Orville Stang
Mwenyekiti


Kesslow
16 Desemba 1988

Orville,

Koti nitalipanua kwa mkono wangu mwenyewe. Kitambaa ninacho.

Timu yangu naichagua mimi. Ukiona hamu ya kuchagua timu, tafuta wasichana wanne wanaoanguka, wafundishe kusimama, kisha uchague.

Ufunguo umo kwenye mfuko wa aproni yangu. Njoo uuchukue mwenyewe, usimtume katibu.

Nisalimie Phyllis na umwambie mtungi wake wa achari ya figili upo kwangu, nitamrudishia.

Marlys


Kesslow
18 Desemba 1988

Verna,

Nimekunakilia barua ya Orville na jibu langu ili ucheke kidogo. Ufunguo hajaja kuuchukua. Kanisani alikaa upande wa pili, na Phyllis akanikonyeza nyuma ya kitabu cha nyimbo.

Lakini wewe nitakuambia ambalo Orville hatalisikia. Tannis hatacheza. Nitamtoa mwenyewe. Si kwa ajili ya kamati, kamati na ikafie mbali. Ni kwa ajili yake. Barafu ni barafu, mtu anaanguka. Asubuhi ya safari nitamwambia nimebadili mpango, unahodha aushike mwenzake wa timu, Joleen. Atanichukia. Nimeshachukiwa na watu wazima, nitashindwa na mtoto?

Na kwa kuwa la Saskatoon umelileta mezani, haya, tulile.

Unadhani nilikata tamaa. Mimi nilikuwa kule mwisho, nimeshika ufagio nakuonyesha njia, na wewe ulikuwa umejikunja kwenye kiegemeo umeshika tumbo, damu yote imekutoka usoni. Nilikuwa najua, Verna. Nilijua tangu Krismasi, ulipoacha kahawa na kuanza kuvaa sweta ya kaka yako. Len hakuwa amekuoa. Hukumwambia mtu, na mimi sikukwambia kwamba najua. Nikaona mtoto anakutoka mbele ya ukumbi mzima.

Nikavua glavu nije nikushike paji la uso. Hiyo tu. Muriel alikuwa kando yangu, akaona mkono mtupu, naye akatoa wake. Mtu wa kwetu akiona mkono mtupu barafuni anafikiri nini kingine? Ningeweza kusema samahani Muriel, sikuwa natoa mkono, nilikuwa nakwenda kumshika rafiki yangu. Wangeuliza ana nini. Watu wote wale, na mama yako juu kwenye viti. Nikaushika mkono wa Muriel, nikafunga mdomo. Na waseme kafanya Marlys. Wamesema mpaka leo na chakula kinashuka.

Julai Dale akazaliwa, mzima. Picha zake ninazo zote. Naziweka kwenye kabati la vikombe, pale kombe la jimbo lilipotakiwa kukaa, na mgeni akiuliza ni nani namwambia hilo ndilo kombe langu la sitini na tisa. Sijutii. Hata ungeniamsha usingizini uniulize, sijutii.

Sasa umejua. Krismasi njema.

Marlys


Prince Rupert
29 Desemba 1988

Marlys,

Zilikuwa sandwichi za mayai.

Za akina mama wa kanisa la Kilutheri, zilizokaa kwenye dirisha la jua tangu asubuhi. Wewe hukula kwa sababu ulikuwa unagombana na mtunza barafu. Mimi nilikula tatu. Nilikuwa nimejikunja nangoja tumbo litulie, na lilikuwa limeshaanza kutulia. Dale hakuwa na tatizo lolote. Mimba nilijua ninayo, nilikwenda kwa daktari wa mji wa mbali ambako hakuna anayenifahamu, akaniambia cheza, ila magunia usibebe. Nikafikiri, nikaamua. Mimi niliamua, Marlys, mimi mwenye tumbo.

Nimelia, hilo silifichi. Len alinikuta nimekaa sakafuni na barua yako. Niliondoka Kesslow bila kukuaga kwa sababu ya ule mkono, nikakuchukia kwa kosa ambalo hukulifanya. Wewe ulikuwa unanisitiri, na mimi nakutukana moyoni. Linaniuma, na litaniuma.

Halafu nikanawa uso, nikakasirika upya. Na hasira hii ni ya haki kuliko ile ya kwanza. Ulikuwa na mdomo. Ungenifuata ukaniuliza: Verna, vipi? Ningekujibu: mayai. Tungecheka wote wawili mbele ya huyo Muriel, kisha ningeachia mawe yangu. Yalikuwa mawe yangu. Labda tungeshindwa. Lakini tungeshindwa mimi nikiwepo.

Dale si kombe lako. Dale ni mtoto wangu, anakula kama wavuvi watatu na sufuria haoshi. Mtoe kwenye kabati, umtundike ukutani na watu wengine.

Na sasa unataka kumvulia glavu mtoto wa watu asubuhi ya safari, kimya kimya, kwa wema wako. Orville angalau ameandika barua. Umemwuliza Tannis anataka nini? Umeuliza daktari wake kasemaje? Usiniandikie tena mpaka umemwuliza.

Verna


Kesslow
8 Januari 1989

Verna,

Nimemwuliza.

Nilichelewa kwa sababu nilikuwa na hasira na wewe, kisha na akina mama wa Kilutheri, kisha ikabaki na mimi mwenyewe. Mayai. Nilikuwa nasimama mbele ya jiko nasema mayai, peke yangu, paka ananitazama.

Nilimkuta Tannis ukumbini anafundisha watoto wadogo kushika ufagio. Nikamwambia sawa sawa kama ilivyo, kwamba nilikuwa nimepanga kumtoa bila kumwambia. Akaniuliza, "Ungeniambia lini?" Nikasema asubuhi ya safari. Akaweka ufagio chini. "Yaani ningekuwa na mkoba mkononi?" Nikasema ndiyo. Hakulia na hakupiga kelele, ingekuwa nafuu. Alinitazama tu, mpaka nikavua kofia.

Nikamwuliza anataka nini. Anataka kucheza. Daktari amemruhusu, karatasi ya daktari imekaa kwa mama yake tangu Novemba na hakuna aliyeiuliza, si kamati wala mimi. Amesema siku atakayotaka kuacha ataacha, na atanitangulia kuniambia.

Nikamsimulia na ya Saskatoon, yote, pamoja na sandwichi. Alicheka mpaka akashika mbavu. Ameapa hataonja yai mpaka Februari.

Orville alikuja kutaka ufunguo. Nilimpa chai. Nikamwambia ufunguo umo mfukoni, mfuko uko kwenye aproni, na aproni iko mwilini mwangu, sasa aamue aanzie wapi. Alikunywa chai, akasifu keki, akaenda. Lakini amesema tukishindwa Saskatoon, hata Phyllis hataniokoa.

Koti nimelipanua pande zote mbili. Dale yuko ukutani, kati ya mama yangu na kaka yangu Metro. Kabati limebaki na pengo na linanikera kila nikipita.

Ningekuuliza siku ile, tungeshinda. Haya, nimesema. Usinirudishie hilo kila Krismasi.

Marlys


Kesslow
19 Februari 1989

Kwa Bi Verna,

Hatujaonana, lakini mimi ndiye niliyekuwa nabeba chai yako. Kocha amesema niandike mimi kwa kuwa jiwe lilikuwa langu. Yeye anajifanya ana shughuli, ila kila baada ya muda anapita nyuma yangu kuchungulia.

Tulifika fainali, tukacheza na Regina, kama nyinyi. Nusu ya Kesslow ilikuja, wengine kushangilia na wengine kutazama koti langu. Orville alikaa mbele kabisa. Siku ile hata kuinama vizuri sikuweza, tumbo linatangulia, na katikati ya mchezo mtoto alianza kupiga teke kila nikiachia jiwe. Nilimwambia asubiri, zamu yake bado.

Raundi ya mwisho tulikuwa nyuma kwa matatu, jiwe la mwisho letu. Mawe yetu mawili yalikuwa yamekaa vizuri kwenye duara. La tatu likilala ndani tunalingana. Njia ilikuwa nyembamba mno, katikati ya mawe yao mawili ya kuzuia, na watu walishaona haipitiki. Makoti yalikuwa yanavaliwa. Nikamsikia Orville kabisa, kwa sauti yake ya mikutano: "Fanya Marlys, mwanangu. Watu wana njaa."

Nilikuwa nimesimama na nahodha wao, nataka kuondoka nikaliachie jiwe langu. Akanitazama tumboni. Ni msichana mzuri, sina ugomvi naye. Akavua glavu yake yeye kwanza, akanipa mkono, akasema pole pole, "Inatosha. Umecheza vizuri sana. Nenda ukapumzike."

Nikatazama juu kwa Kocha. Alikuwa nyuma ya kioo, kule kuna joto watu wanavua hata sweta, na yeye amevaa glavu zote mbili, mikono juu ya magoti. Hakunionyesha ndiyo wala hapana. Alikuwa ananiuliza tu.

Nikamwambia yule msichana, "Vaa glavu yako, utapata baridi."

Nikaenda nikampelekea Orville chai yake. Jiwe lilikwenda taratibu hadi nikasikia mtu anasema halifiki. Joleen na wenzake hawakulifagilia njia hata kidogo, walitembea nalo tu, wameinama. Lilipita. Lilikaa.

Tukalingana, ikaongezwa raundi moja, na hiyo wakatushinda, kwa jiwe moja, kwa haki kabisa. Baada ya hapo ndipo nilipovua glavu nikampa mkono. Sikutaka kukuficha kwamba tulishindwa. Kocha kasema nikuandikie hivi: tulishindwa sote tukiwepo. Kasema utaelewa.

Kamati ilikutana mara mbili kuhusu ufunguo. Bado umo kwenye aproni ya Kocha.

Jana jioni wale wadogo ninaowafundisha walikuwa barafuni, na Orville akaja kuwatoa, akisema wanaume wanataka kucheza, na watoto mama zao wanawaita wakale. Nikawaambia watoke. Yule mdogo kuliko wote, ambaye ufagio unamzidi urefu, akamgeukia Orville akamwambia hatoki, jiwe lake moja bado. "Nafanya Marlys," akasema. Wenzake wote wakasema nao wanafanya Marlys.

Orville alisimama pale. Kocha alikuwa jikoni na mlango ulikuwa wazi, alisikia. Alikwenda kupasha chakula moto.

Tannis Wolchuk